Antibiotiki ya maji kwa mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mzazi au mlezi ambaye mtoto wake ameshaonwa na daktari na sasa chupa ya dawa iko mkononi. Sehemu kubwa inahusu kipimo, kwa sababu hapo ndipo dawa nzuri huharibikia: kwenye maji ya kuchanganyia, kwenye kijiko, na kwenye tarakimu ndogo zilizoandikwa upande wa chupa.

Mtoto ana homa na kikohozi. Nianze kumpa antibiotiki?

Usianze kabla hajaonwa. Antibiotiki huua bakteria au huwazuia wasiongezeke. Virusi haviguswi nayo kabisa. Mafua, vikohozi vingi vya watoto na maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, na huisha vyenyewe. Kamasi kugeuka njano au kijani hakuthibitishi kwamba kuna bakteria. Kuharisha majimaji nako kwa kawaida hakuhitaji antibiotiki, kunahitaji maji ya ORS na zinki. Kuharisha damu ni habari nyingine: mpeleke siku hiyohiyo. Homa ina visababishi vingi, na palipo na malaria, kipimo cha malaria kinatangulia.

Kwa mtoto anayekohoa, kitu cha maana unachoweza kukiangalia mwenyewe ni pumzi. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno na anahitaji kuonwa kwa ajili ya nimonia. Kifua kikiwa kinabonyea kwa ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, usipoteze muda kuhesabu. Ondoka naye.

Kwa nini dozi yake si sawa na ya mtoto mwingine wa umri uleule?

Kwa sababu dozi hupigiwa hesabu ya uzito, si ya umri peke yake, na tena hutegemea ugonjwa. Kwa nimonia inayotibiwa nyumbani, kwa mfano, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza amoksilini angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara 2 kwa siku, kwa siku 5. Ugonjwa mwingine una hesabu yake. Kwa hiyo hakikisha mtoto amepimwa uzito siku ile ile dawa inapoandikwa. Kilo za kadi ya kliniki ya miezi minne iliyopita si kilo za leo, hasa kwa mtoto mchanga anayekua haraka au mtoto aliyepungua kwa kuugua.

Chupa imeandikwa 125 mg/5 ml. Maana yake nini?

Maana yake ni kwamba kila mililita 5 za dawa iliyokwisha kuchanganywa zina miligramu 125 za dawa yenyewe. Miligramu ndiyo dawa. Mililita ni wingi wa maji yanayoibeba. Daktari anafikiri kwa miligramu, wewe unapima kwa mililita, na kinachounganisha viwili hivyo ni maandishi hayo ya kwenye chupa.

Tuchukue mtoto wa kilo 10 mwenye nimonia, kwa kipimo kile cha miligramu 40 kwa kilo. Anahitaji miligramu 400 kila mara. Kwa chupa ya 125 mg/5 ml hizo ni mililita 16. Kwa chupa ya 250 mg/5 ml ni mililita 8. Dawa ni moja, mtoto ni mmoja, vipimo viwili.

Sasa angalia jinsi kosa linavyoingia. Chupa ya kwanza ilikuwa ya 250. Imeisha, mzazi anarudi dukani kuchukua ya pili, za 250 zimekwisha, anapewa ya 125. Rangi ni ileile, harufu ileile, jina lilelile. Nyumbani anaendelea na kipimo alichokizoea, na mtoto anapata nusu ya dozi hadi mwisho. Ikitokea kinyume chake, anapata mara mbili. Ndiyo maana swali la kuuliza dirishani, kila mara, ni hili: "Kwa chupa hii niliyoshika, ni mililita ngapi?" Mwombe mfamasia aiandike kwenye chupa, aandike neno "mililita" au "ml", si "kijiko".

Amoksilini yenye klavulaneti inahitaji uangalifu wa ziada kwa sababu ndani yake kuna dawa mbili. Chupa ya 228 mg/5 ml ina amoksilini miligramu 200 na klavulaneti 28.5. Ya 457 mg/5 ml ina 400 na 57. Zipo nyingine ambazo uwiano wa dawa hizo mbili ni tofauti kabisa, kwa hiyo huwezi kubadili chupa kwa kuongeza tu kipimo mwenyewe. Klavulaneti ikizidi, mtoto anaharisha. Ukipewa chupa yenye namba usiyoifahamu, hesabu hiyo ni ya mfamasia.

Dozi pungufu ina madhara ambayo hayaonekani mara moja. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945: anayetumia kiasi kidogo mno anawapa vijidudu nafasi ya kuizoea dawa. Mzazi anayepima nusu bila kujua hana nia mbaya, lakini bakteria hawaangalii nia.

Kijiko cha chai cha nyumbani kinafaa?

Hapana. Vijiko vya nyumbani hutofautiana sana, kingine kinachukua karibu nusu ya mililita 5 na kingine kinazidi, na hata kijiko kimoja hutoa kiasi tofauti kikijazwa hadi ukingoni na kikijazwa kawaida. Tumia sirinji ya kunyweshea, ile isiyo na sindano, hasa kwa kipimo kisichozidi mililita 5. Kijiko maalumu cha plastiki au kikombe kidogo chenye mistari vinakubalika kwa vipimo vikubwa zaidi. Kama kwenye boksi hakuna chochote cha kupimia, omba kabla hujaondoka.

Vuta dawa, kisha inua sirinji hadi usawa wa macho na usome mstari ukiwa umeiangalia moja kwa moja, si kwa kuinama juu yake. Kukiwa na kiputo kikubwa cha hewa, rudisha dawa ndani ya chupa na uvute upya, maana nafasi ya kiputo ni nafasi ambayo haina dawa. Kifuniko kidogo cha ncha ya sirinji kitupe siku ya kwanza. Kimewahi kuwapalia watoto.

Dawa hii ni ya unga. Naichanganyaje?

Kama duka la dawa lina maji safi na salama, wachanganye wao mbele yako. Ukilazimika kuchanganya mwenyewe, fuata maelezo ya boksi, maana kiasi cha maji hutofautiana kwa kila dawa.

Anza kwa kugonga chupa kidogo kwenye kiganja ili unga ulioganda chini uachie. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Maji ya moto huharibu dawa, na maji yenye vuguvugu la kukaribia moto pia usiyatumie. Weka kwanza karibu nusu ya maji, funga, tikisa kwa nguvu huku ukiigeuza chupa juu chini mpaka usione unga mkavu kwenye pembe za chini. Kisha subiri.

Kusubiri ndiko kunakorukwa mara nyingi. Baada ya kutikisa, povu hupanda na kufika mstari wa alama, na kwa jicho la haraka chupa inaonekana imejaa. Mtu anafunga na kuanza kutumia. Povu likishuka, usawa halisi uko chini ya mstari, maana yake maji ni pungufu na kila kipimo kina dawa nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Acha povu litulie, ongeza maji hadi mstari, tikisa tena, angalia tena. Kama boksi limetaja kiasi kamili cha maji cha kupima, pima kiasi hicho na usiongeze zaidi.

Ukimaliza, andika kwenye lebo tarehe ya kuchanganya na tarehe ya kuitupa. Na tikisa chupa kila mara kabla ya kumpa, hata kama ulitikisa asubuhi. Unga huzama, usipotikisa, mtoto ananyweshwa maji matamu siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho.

Iwekwe wapi, na inadumu kwa muda gani?

Muda unaohesabiwa ni wa tangu ilipochanganywa. Tarehe ya mwisho iliyochapishwa kwenye boksi ni ya unga mkavu. Amoksilini ya kawaida hudumu siku 7 hadi 14 kutegemea mtengenezaji na joto la mahali ilipo. Amoksilini yenye klavulaneti lazima ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na hutupwa baada ya siku 7 au 10 kama ilivyoandikwa. Klarithromaisini, kinyume chake, haiwekwi kwenye friji. Hakuna dawa ya namna hii inayowekwa kwenye sehemu ya kugandisha.

Kama nyumbani hakuna friji, sema hapo hapo dirishani kabla dawa haijachanganywa. Huenda ipo dawa inayohimili joto la kawaida, au vidonge vya kuyeyusha.

Tumepewa vidonge vya kuyeyusha badala ya dawa ya maji. Ni sawa?

Ni sawa, na kwa mtoto mwenye nimonia ndivyo WHO na UNICEF wanavyopendelea. Kidonge cha amoksilini cha miligramu 250 kinayeyuka kwenye maji kidogo safi au maziwa ya mama, hakihitaji friji, na hakuna cha kukosea kwenye kuchanganya chupa nzima. Yeyusha cha dozi hiyo tu, mnyweshe chote, suuza kikombe kwa maji kidogo na umpe hayo pia.

"Kutwa mara tatu" ni saa ngapi hasa?

Ni kila baada ya saa 8 kwa kadiri inavyowezekana: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mara mbili ni kila baada ya saa 12. Kwa dawa ya mara tatu, daktari kwa kawaida hatataka umwamshe mtoto usiku wa manane. Igawe siku anayokuwa macho kwa nafasi zinazolingana, na dozi zisikaribiane chini ya saa 4. Kinachoharibu ni kumpa asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni kwa sababu ndizo saa za kula, halafu usiku kucha mwilini hakuna dawa ya kutosha.

Walezi wakiwa zaidi ya mmoja, bandikeni karatasi karibu na chupa na kila anayempa aweke alama na saa. Mtoto kunyweshwa mara mbili na watu wawili wenye upendo hutokea kirahisi sana.

Anafunga mdomo, anatema, analia. Nifanyeje?

Mkalishe wima au nusu wima mapajani, kamwe asilale chali. Ingiza ncha ya sirinji pembeni, kati ya shavu na fizi, na usukume kidogo kidogo, ukimwacha ameze kabla ya kuendelea. Usielekeze kooni moja kwa moja, wala usimbane pua ili afungue mdomo. Dawa inaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Akilia kwa nguvu, subiri apumue.

Ladha chungu hupungua ukimpa kitu anachokipenda mara baada ya kumeza. Asali isitumike kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1, ina hatari ya sumu ya botulizimu. Mfamasia akikubali, dozi inaweza kuchanganywa na kijiko kimoja cha chakula laini, lakini usiimwage kwenye chupa nzima ya maziwa: akiacha nusu, huwezi kujua amekunywa dawa kiasi gani. Na tafadhali usiiite pipi. Atakuja kuitafuta mwenyewe siku ambayo haupo.

Ametapika baada ya kunywa. Nirudie?

Akitapika ndani ya dakika 30, mpe dozi ileile tena mara moja. Zikipita dakika 30, usirudie; subiri dozi inayofuata. Akitapika na ile ya marudio, au akitapika kila kitu anachopewa, dawa ya kunywa haimsaidii na anahitaji kurudi kituo cha afya, pengine kwa sindano.

Nimesahau dozi moja.

Mpe unapokumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi inayofuata imekaribia. Hapo ruka ile iliyosahaulika uendelee na ratiba. Usimpe mbili kwa pamoja kufidia.

Kabla au baada ya kula?

Inategemea dawa. Amoksilini haichagui. Yenye klavulaneti mpe mwanzoni mwa chakula, tumbo litaivumilia vizuri zaidi. Flukloksasilini inataka tumbo tupu, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Siprofloksasini isipewe pamoja na maziwa kwa sababu kalsiamu huishika isifyonzwe. Dawa ya zinki au madini ya chuma kama anatumia, itaje kwa mfamasia.

Siku ya pili anacheza kabisa. Niache?

Endelea hadi siku zilizoandikwa ziishe. Homa kushuka kunaonyesha dawa inafanya kazi, lakini bakteria waliobaki bado wapo. Mfano ninaousisitiza kila mara ni wa maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokokasi: penisilini ya kunywa kwa kawaida huandikwa siku 10, si kwa ajili ya koo tu bali kuzuia homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo wa mtoto. Koo lenyewe linaweza kutulia mapema zaidi.

Kuongeza siku kwa kujiamulia nako hakuna faida. Na daktari akisema acha, baada ya majibu ya vipimo kwa mfano, acha.

Dawa imeisha kabla ya siku kuisha. Nimekosea kupima?

Huenda hukukosea. Piga hesabu: mililita 5, mara 3 kwa siku, kwa siku 7, ni mililita 105. Chupa ina 100. Haiwezi kufika mwisho hata ukipima kwa ustadi wote, na bado kuna kidogo kinachobaki kwenye kuta za chupa. Piga hesabu hii ukiwa bado dukani, na kama zinahitajika chupa mbili, chukua zote mbili lakini ya pili ichanganywe ya kwanza inapoisha.

Anaharisha, au ametoka vipele. Ni mzio?

Kuharisha kidogo ni kawaida, kwa sababu antibiotiki inawagusa pia bakteria wema wa tumboni. Mpe vinywaji na ORS, aendelee kunyonya na kula, na dawa usiiache. Kuharisha kukiwa kukali, au kukiwa na damu, mrudishe. Makalio yakiwa mekundu au utando mweupe ukitokea mdomoni, yaweza kuwa fangasi, nao una dawa yake.

Vipele vinahitaji jicho la mtaalamu kabla ya dozi inayofuata. Watoto wengi hutoka vipele kwa sababu ya virusi wakiwa kwenye amoksilini, kisha huandikwa maisha yao yote kuwa wana mzio wa penisilini wasiokuwa nao. Piga picha ya vipele, andika vilitokea saa ngapi baada ya dozi na siku ya ngapi ya dawa. Maelezo hayo yatamsaidia daktari kuamua.

Lakini akivimba midomo, uso au ulimi, akikoroma au kuhema kwa shida, akiwa na vivimbe vinavyowasha mwili mzima vilivyotokea ghafla, au akilegea ndani ya dakika au saa chache baada ya dozi, hiyo ni dharura. Usimpe tena dawa hiyo, nenda hospitali sasa hivi ukiwa na chupa. Mtoto aliyewahi kupata hali hiyo kwa penisilini hapaswi kupewa amoksilini, ampisilini wala kloksasilini, na kila anayemwandikia dawa lazima aambiwe.

Naweza kumpa na parasetamoli?

Ndiyo, kwa homa au maumivu. Hesabu yake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi dozi 4 kwa saa 24. Nayo ina nguvu tofauti kwa kila chupa, kwa hiyo soma kama ulivyosoma ile nyingine, na usitumie mililita za antibiotiki kupimia parasetamoli.

Mtoto wangu ana wiki tano na ana homa.

Usimpe dawa ya maji nyumbani. Mtoto aliye chini ya miezi 2 mwenye homa, mwili kuwa wa baridi, kukataa kunyonya, au kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika anahitaji hospitali. Baadhi ya antibiotiki za kawaida ni hatari kwa umri huo: kotrimoksazoli inaweza kuzidisha madhara ya umanjano wa watoto wachanga (ngozi na macho kuwa ya njano) kwenye ubongo, na erithromaisini imehusishwa na kuziba kwa tundu la kutokea tumboni.

Zimepita siku mbili, hajapata nafuu.

Mrudishe. Baada ya saa 48 hadi 72 za dawa inayofaa, homa inapaswa kuwa imeanza kushuka na mtoto kuanza kuchangamka. Usiongeze dozi wala usinunue antibiotiki "kali zaidi". Usisubiri hata saa moja akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilala usingizi usioamshika kirahisi, au kifua kikibonyea.

Nimempa nyingi kwa bahati mbaya.

Usimtapishe. Andika jina la dawa, nguvu yake, mililita alizokunywa, saa na uzito wake, kisha piga simu au nenda kituo cha afya ukiwa na chupa. Dozi moja iliyozidi ya amoksilini kwa kawaida huleta tumbo kuuma na kuharisha tu, lakini si kila antibiotiki ni pole hivyo.

Imebaki kidogo. Nimtunzie, au nimpe mdogo wake anayekohoa?

Yote mawili hapana. Iliyochanganywa inapoteza nguvu, uzito wa mdogo wake ni mwingine, na kikohozi chake huenda ni cha virusi. Rudisha masalia kwenye duka la dawa linalopokea. Kama halipo, yachanganye na majivu au udongo ndani ya mfuko, ufunge na uutupe mbali na watoto na wanyama. Usimwage chooni wala kwenye sinki. Chupa tupu ifute lebo au iharibu kabla ya kuitupa, ili isije ikajazwa kitu kingine na mtoto akadhani ni dawa yake.